Bima ya afya itamlipa nani kijijini?

Ukisikiliza mazungumzo ya Bima ya Afya kwa Wote hapa Dar es Salaam, ofisini, kwenye daladala au kwenye vipindi vya asubuhi vya redio, utadhani sheria nzima ina jambo moja tu ndani yake, nalo ni bei. Muswada ulipoletwa mwaka 2022 zilitajwa Sh340,000 kwa kaya ya watu sita na Sh84,000 kwa mtu mmoja, na tangu hapo tarakimu hizo hazijawatoka watu kichwani. Muswada uliahirishwa, ukarudi, Bunge likaupitisha Novemba 2023, Rais Samia Suluhu Hassan akausaini, kampeni za 2025 zikaipa bima hiyo nafasi jukwaani, na sasa tunazungumzia utekelezaji. Muda wote huo swali limekuwa lilelile: mwananchi atatoa shilingi ngapi?

Swali hilo ni la haki, lakini limetuziba macho tusilione kubwa zaidi yake. Kwa mtu wa kijijini, la kuuliza kwanza ni fedha hiyo ikishakusanywa italipwa wapi. Bima yoyote hulipa mahali huduma inapotolewa. Pasipo na tabibu, dawa wala kipimo, hakuna madai yatakayopelekwa kwenye mfuko, na pasipo na madai hakuna malipo. Tukiendesha bima hii kwa utaratibu wa malipo tuliouzoea mjini, mkulima wa Kibiti, Kaliua au Tandahimba atachangia kila mwaka na fedha yake itapanda basi kuja Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma, kwenye hospitali zenye madaktari bingwa na makarani wa kujaza fomu. Hayo yakitokea, tutakuwa tumetumia sheria nzuri kumfanya maskini wa kijijini amchangie mgonjwa wa mjini.

Tumefikaje hapa? Miaka ya 1970 nchi hii iliweka nguvu kubwa vijijini: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilipita redioni na kwenye vikundi vya kusoma, zahanati zikajengwa, na huduma haikulipiwa. Hali ya uchumi ilipokuwa ngumu, kuanzia 1993 tukarudi kwenye kuchangia gharama. Mwaka 1996 wilaya ya Igunga mkoani Tabora ikajaribu Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, na mwaka 2001 mfuko huo ukapata sheria yake. Mwaka huohuo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ukaanza kuwahudumia watumishi wa umma. Tangu wakati huo tuna njia mbili: mwenye mshahara ana kadi inayopokelewa hadi hospitali ya taifa, na mkulima ana CHF ambayo kwa miaka mingi iliishia wilayani kwake. CHF iliyoboreshwa ya mwaka 2018, ya Sh30,000 kwa kaya ya watu sita, ilipanua mipaka hiyo hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Katikati ya hayo ulikuja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, wa mwaka 2007, ulioahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Majengo mengi yalisimama, mengine wananchi wakifyatua tofali na kubeba mchanga wenyewe. Kilichochelewa ni watu na vitu vya kuwekwa ndani yake.

Na hapa ndipo anayeishi mjini anapokosea picha. Anapofikiria kituo cha afya, anafikiria foleni, kaunta ya bima, dirisha la dawa, maabara. Zahanati ya kijijini mara nyingi ni muuguzi mkunga mmoja na mhudumu wa afya, pengine na tabibu akiwa hajaenda wilayani kwenye semina au kufuata dawa. Muuguzi huyohuyo ndiye anayepima watoto uzito siku ya kliniki, anachoma chanjo, anazalisha usiku kwa taa ya sola, anajaza vitabu vya taarifa za mwezi, na asubuhi anakuta watu wamekaa kwenye benchi la nje wakimsubiri. Sasa ongeza juu yake kazi ya bima. Kila mgonjwa anahitaji fomu, namba ya uanachama, ugonjwa uandikwe unavyotakiwa, dawa iandikwe jina na kiasi. Kosa dogo, dai linakatwa. Mtandao ukisumbua, dai linasubiri. Hospitali kubwa ina idara nzima ya kazi hiyo, na madai yake hufika kwa wakati. Zahanati hufikisha sehemu tu ya kile ilichokifanya. Fedha inapungua, dawa inapungua, mgonjwa mwenye kadi anaambiwa akanunue kwenye duka la dawa muhimu pale barabarani, na analipa papo kwa papo kama asiye na kadi.

Hili tumeshaliona kwa macho yetu kupitia msamaha wa matibabu. Kwa sera ya nchi, wajawazito na watoto chini ya miaka mitano hawalipi. Haki hiyo imekuwepo miaka mingi na haikuhitaji kadi wala mchango. Lakini kila kijiji kina mama anayeweza kukusimulia alivyoambiwa huduma ni bure, kisha akapewa orodha ya vya kununua: glovu, pamba, nyembe, mpira wa kutandika kitandani. Aliyempa orodha hakuwa na roho mbaya. Kituo kilikuwa kimeagizwa kutoa msamaha bila kupewa fedha ya kuufidia. Haki ya mgonjwa ilikuwa kwenye sera, kabati lilikuwa tupu. Anayeamini kwamba kadi ya bima peke yake itamaliza tatizo aeleze kadi hiyo itafanya nini ambacho msamaha haukufanya, mahali ambapo kabati ni lilelile.

Wanaoitetea bima wana hoja nzito, nami nakubaliana nazo kwa sehemu kubwa. Ugonjwa bado unafilisi kaya. Mtu anauza ng'ombe wa kulimia, anaweka shamba rehani, anatoa mtoto shule, kwa upasuaji mmoja. Hofu ya gharama humfanya mgonjwa akae nyumbani siku mbili tatu akisikilizia, na homa ya mtoto inapofika degedege, siku hizo ndizo zinazoamua. Bima inayoondoa hofu hiyo inaokoa maisha hata kabla mgonjwa hajaonana na mganga. Ni kweli pia kwamba hiari haitoshi. NHIF iliona kwenye Toto Afya Kadi, iliyositishwa mwaka 2023 kwa utaratibu wa mtoto mmojammoja, kwamba wazazi wengi walimkatia kadi mtoto aliyekwisha kuugua. Mfuko wa namna hiyo haudumu. Ndiyo maana naunga mkono sheria kumtaka kila mtu awemo, na kutaka asiye na uwezo achangiwe na vyanzo vingine kama ushuru wa vinywaji na vipodozi.

Rwanda hutajwa sana kwenye mjadala huu, na kwa haki: zaidi ya asilimia 80 ya watu wake wako kwenye bima ya jamii, wengi wao wakulima. Lakini Rwanda nzima ingeingia ndani ya mkoa wa Tabora karibu mara tatu. Vijiji vyao vimekaribiana, vyetu vimetawanyika, na walijenga mtandao wa wahudumu wa afya wa jamii na mfumo wa kuvilipa vituo sambamba na kadi. Tunapochukua mfano wao tuuchukue na sehemu hiyo ngumu.

Upande wa pili wapo wanaosema tujenge kwanza, bima ije baadaye, kwa kuwa ni dhuluma kumtoza mtu kwa huduma ambayo haipo. Naielewa hasira hiyo. Lakini kujenga kwanza ndiko tulikofanya tangu 2007, na jengo halijiendeshi. Aprili 2017 serikali ilipowaondoa kazini watumishi 9,932 kwa vyeti vya kughushi, baadhi ya zahanati zilibaki bila mtaalamu hata mmoja. Idadi ile haikuwa kubwa kwa nchi nzima. Zahanati zile zilikuwa zimesimama juu ya mtu mmoja, na alipoondoka hakukuwa na wa pili. Mapema mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, watumishi wa mikataba waliokuwa wakilipwa na miradi ya VVU na kifua kikuu walirudi nyumbani, na vituo vikabaki na wagonjwa wale wale. Kituo kinahitaji fedha ya ndani, ya uhakika, inayoingia kila robo mwaka, ya kununua dawa Bohari ya Dawa au kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeidhinishwa, pale Bohari inapokosa, na ya kumlipa mtumishi wa mkataba. Bima inaweza kuwa chanzo hicho. Kuiahirisha hadi vituo vikamilike ni kukiondolea kituo chombo cha kukikamilisha.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika sana kwenye makongamano ya hapa mjini, ni kwamba watu wa vijijini hawana elimu ya bima, wanakimbilia kwa waganga wa kienyeji, na dawa yake ni uhamasishaji. Hoja hii inampa lawama mtu mwenye nguvu ndogo kuliko wote kwenye mnyororo mzima. Angalia uzazi. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulikuta asilimia 63 ya watoto wanazaliwa vituoni. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 81. Katika kipindi hicho makadirio ya vifo vya uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Nchi ambayo sehemu kubwa ya watu wake wanaishi vijijini haipati mabadiliko kama hayo kwa kuwaelimisha mama wa mjini. Wanawake wa vijijini walikwenda vituoni pale vituo vilipowapokea.

Waliofanya kazi na CHF wanalijua hili. Mwaka wa kwanza uandikishaji huenda vizuri: mtendaji wa kijiji anatangaza, mwandikishaji anapita na simu yake, kaya inapigwa picha, Sh30,000 inatolewa kwa kuungaunga. Mtihani ni mwaka wa pili. Aliyekwenda na kadi akaambiwa dawa hakuna, huku akimwona wa fedha taslimu anahudumiwa kwanza, harudii. Huyo anaielewa bima vizuri sana. Amenunua kitu, hakukipata, amegoma kukinunua tena. Kumpelekea gari la matangazo ni kupoteza mafuta. La maana zaidi lingekuwa kumfuata msimu wa mavuno, korosho zinapolipwa Mtwara au pamba inapolipwa Shinyanga, kwa sababu mkulima hana mshahara wa kukatwa kila mwezi, na mchango unaodaiwa Februari, ghala likiwa tupu, hautalipwa hata na anayeitaka bima kwa moyo wote.

Kisha kuna umbali, ambao kwenye mjadala wa bima unaachwa kama vile ni kazi ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, peke yake. Hatuhitaji kwenda Katavi kuuona. Panda basi Mbagala Rangi Tatu, shuka Kibiti, kisha ufike Nyamisati, mahali boti zinapoanzia. Kwenye visiwa vya delta ya Rufiji mgonjwa hasafiri saa anayotaka yeye, anasafiri saa maji yanaporuhusu. Maji yakipwa, mtumbwi unakaa kwenye tope na mgonjwa ndani yake. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoifunika sehemu kubwa ya Rufiji na Kibiti, hata walio bara walihitaji boti. Kwa watu hawa matibabu yenyewe yanaweza kuwa sehemu ndogo ya gharama. Mafuta ya boti ndiyo bei, bodaboda ya usiku ndiyo bei, gari la kukodi ndiyo bei, na mafuta ya gari la wagonjwa ambayo familia huambiwa ichangie ndiyo bei. Kitita cha bima, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa, kinachomlipia sindano bila kumlipia safari kimemwacha kwenye gati.

Na safari inalipika. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022 baada ya kujaribiwa Sengerema na Shinyanga, umeonyesha namna. Mjamzito au aliye naye anapiga 115 bila malipo, mpokea simu anapima hali, na kama gari la wagonjwa liko mbali anaitwa dereva wa jamii, mtu wa eneo hilohilo mwenye gari au boti yake aliyeandikishwa mapema, ambaye hulipwa kwa simu mgonjwa akishafika. Hakuna kilichovumbuliwa pale isipokuwa uamuzi wa kulipa. Madereva walikuwepo, magari yalikuwepo, simu zilikuwepo. Lakini mfumo huu ni wa mjamzito, mzazi na mtoto mchanga. Mzee aliyepooza upande mmoja usiku, mkulima aliyeumwa na nyoka shambani, mtoto wa miaka minne mwenye malaria kali, hao bado wanategemea huruma ya mwenye pikipiki. Kuupanua utaratibu huu na kuugharimia kwa fedha za bima kungemgusa mtu wa kijijini kuliko huduma nyingi zilizoorodheshwa kwenye kitita ambazo hatazisikia maisha yake yote.

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kudhani hili ni la wengine. Sivyo. Mfuko wa bima wa vijiji vingi kwa sasa ni kikundi cha ukoo cha WhatsApp. Kwetu ujumbe huja hivyohivyo: shangazi amezidiwa, rufaa imeandikwa, anatakiwa aletwe mjini leo. Kinachofuata ni orodha. Mmoja anaandika jina lake na Sh50,000, mwingine anainakili na kuongeza lake, la tatu linaandikwa "ahadi" hadi mwisho wa mwezi, na mtunza fedha anakaa na simu mkononi akisubiri salio litoshe gari la kukodi. Saa zinazokwenda katika kuchanga ni saa za mgonjwa. Akifika, atalala sebuleni kwa mtu Mbagala au Gongo la Mboto wiki kadhaa akisubiri tarehe ya kipimo. Sehemu ya msongamano tunaoulalamikia Muhimbili na Amana ni ugonjwa ambao ungemalizwa kwenye kituo cha afya cha kata miezi mitatu nyuma kwa kipimo cha presha na vidonge vya bei ndogo.

Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi ziliposimamisha huduma kwa wanachama wa NHIF zikigombea bei za kitita kipya, nchi nzima ilitikisika kwa siku kadhaa. Wizara iliingilia kati, wanachama wakalia mitandaoni, na walikuwa na haki. Ila ugomvi ule ulituonyesha bima inaishi wapi. Watoa huduma wenye uwezo wa kuutikisa mfuko wako mijini, na kanuni za malipo zitaendelea kuandikwa huku zikiwatazama hao. Zahanati ya Kaliua haina chama cha kuisemea. Mganga mfawidhi wake hatasimamisha huduma kudai malipo, dawa zitaisha tu na watu wataacha kwenda.

Kwa hiyo kanuni ndizo za kupigania, na pa kuanzia ni namna ya kulipa. Zahanati na kituo cha afya vilipwe kwa idadi ya watu waliosajiliwa kwenye eneo lake, fedha iingie mapema kwenye akaunti ya kituo kama inavyofanyika tangu 2017 kwa fedha za mfuko wa pamoja wa wahisani wa sekta ya afya, na kituo kilicho mbali zaidi kilipwe zaidi kwa kila kichwa. Nitaambiwa kwamba ukimlipa mtu kabla ya kazi atakaa bure. Hatari hiyo ipo, na dawa yake ni kamati ya usimamizi wa kituo yenye taarifa za fedha ubaoni na sehemu ya malipo kufungwa kwenye kazi iliyofanyika. Hatari ya upande wa pili, ya kumlipa kwa fomu mtu asiye na karani, tumeishi nayo miaka yote ya CHF na tunajua mwisho wake. Fomu na madai vibaki hospitali, ambako kuna watu wa kuvijaza.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii nao wawe ndani ya hesabu. Serikali ilizindua mpango wao Januari 2024 ikilenga kuwa na 137,294 ndani ya miaka mitano. Hawa ndio watakaomkumbusha mzee vidonge vya presha na kumwona mtoto anayedhoofu kabla hajafika kituoni. Posho zao zisipopata chanzo cha kudumu, watakwenda njia ya miradi mingine mingi tuliyoizindua kwa ngoma. Na ajira mpya za afya zitangazwe pamoja na nyumba. Muuguzi aliyepangiwa kijiji kisicho na nyumba ya mtumishi ataripoti, atapanga chumba, na ataanza kuandika barua ya uhamisho kabla ya masika.

La mwisho ni rahisi kuliko yote na halihitaji fedha mpya. Mfuko utangaze kila robo mwaka, kwa kila halmashauri, kiasi kilichokusanywa na kiasi kilicholipwa kwa watoa huduma waliomo ndani ya halmashauri hiyo. Jedwali moja, lipatikane kwa diwani, mbunge na mwandishi wa habari. Kama Kibiti imechangia shilingi na imerudishiwa senti, mbunge wake asimame bungeni na tarakimu hizo mkononi kabla mwaka wa pili wa uandikishaji haujaanza.